Kijana wangu ana miaka 23 na anashinda amefungiwa ndani. Je, nimpeleke kituo cha mchana?

SWALI: "Tunaishi Uyole. Kijana wangu ana ulemavu wa akili na kifafa, anatumia dawa. Alisoma kitengo cha elimu maalumu mpaka akafikisha miaka 17, tangu hapo yuko nyumbani. Nauza maharage na viazi Mwanjelwa, natoka saa 11 alfajiri. Namfungia chumbani mpaka mdogo wake arudi shule saa tisa. Zamani alikuwa anachota maji, anafua, anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Siku hizi ameacha, anachana nguo, na mwaka huu amempiga mdogo wake mara mbili. Wazazi wenzangu na kanisa wanataka kuanzisha kituo cha mchana kwa vijana kama yeye, siku tatu kwa wiki. Baba yake anasema mtu mzima hafundishiki, ni kupoteza nauli. Shangazi yake anasema amerogwa, na kama si hivyo basi apelekwe Mirembe. Mimi naogopa watamwonea. Nifanye nini?"

JIBU: Mama, pole kwa miaka sita ya kwenda sokoni huku moyo umebaki nyumbani. Na ahsante kwa kuandika neno "namfungia" bila kulizungusha. Nimefanya kazi ya tiba kazi, yaani kuwasaidia watu kujimudu katika shughuli za kila siku, Iringa na Mbeya zaidi ya miaka ishirini, na wazazi wengi huniambia "anapenda kukaa ndani" mpaka siku nitakapofika na kuliona kufuli. Wewe umenirahisishia. Umeuliza kama kijana bado anafundishika na kama kituo ni salama. Kuna la tatu hukuliandika, nalo ni kama wewe ni mzazi mbaya. Hilo nalijibu sasa hivi: hapana. Ulikuwa na mtu mmoja wa kumtazama, na mtu huyo ndiye anayeleta chakula. Lakini kufuli lazima liondoke, na nitafika huko.

Nianze na shangazi. Ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili ni vitu viwili. Mwenye ulemavu wa akili ubongo wake ulijengeka tofauti au uliumia mapema, kabla hajawa mtu mzima, kwa hiyo kujifunza na kujimudu katika mambo ya kila siku kunamwia vigumu kuliko wenzake. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote, hata mwalimu mkuu, na una matibabu yake. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma, wanatibu ugonjwa. Hawana sindano ya kumrudishia kijana wako uwezo wa kufunga vifungo. Wakimpa dawa ya kumtuliza bila sababu atatulia kweli, kwa maana ya kulala, na utarudi naye akiwa amepoteza hata kile kidogo alichobaki nacho. Ni kweli kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza pia kuugua ugonjwa wa akili, na hapo dawa zina nafasi yake. Ila katika uliyoniandikia sioni dalili hiyo. Naona mtu aliyekosa kazi ya kufanya.

Kuhusu kurogwa, sitaki kumvunjia shangazi heshima, kwa sababu anatafuta maelezo kama sisi sote. Ila sababu tunazijua nyingi: mtoto kuchelewa kulia anapozaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, au kuzaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada, ile hali inayoitwa Down. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini palikuwa na jambo jingine tena. Waulize wazee wa Makete au Ludewa kuhusu watu wenye rovu shingoni. Udongo wa milimani, uliooshwa na mvua miaka na miaka, una madini joto kidogo, na mama mjamzito asipoyapata ya kutosha ubongo wa mtoto aliye tumboni unaathirika. Ndiyo maana pakiti ya chumvi dukani imeandikwa kwamba ina madini joto. Kuna familia ziligombana na majirani kizazi kizima kwa jambo lililokuwa ardhini.

Sasa kwa nini kijana aliyekuwa anachota maji ameacha? Kwa watu kama yeye ujuzi unaingia kwa marudio mengi, na unabaki kwa kutumika. Wewe ukiacha kuendesha baiskeli miaka mitano, ukiipanda tena utayumba kidogo kisha utaendelea. Yeye alifunga kifungo mara mia tatu ndipo akakijua, na asipokifunga mwaka mzima kinaondoka. Hebu jiulize ni nani anayefunga vifungo vyake siku hizi. Nadhani ni wewe, saa kumi na nusu usiku, ukiwa na haraka ya daladala. Sikulaumu, lakini hivyo ndivyo ujuzi unavyopotea: mtu mwenye upendo na haraka anamfanyia.

Nguo je? Jiweke ndani ya kile chumba kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa tisa mchana, saa kumi kamili. Kitanda hakifanyi chochote, ukuta haufanyi chochote. Nguo ukiivuta inalia, inabadilika, inakuwa vipande. Ni kitu pekee mle ndani kinachojibu mkono wake. Ukimnyang'anya nguo bila kumpa kazi nyingine, atahamia godoro, na baada ya godoro atahamia ngozi yake mwenyewe. Nimeona vijana wenye makovu ya kujing'ata mikononi, na nyumba zao zote zilikuwa na historia inayofanana na hii.

Hukuniambia alimpiga mdogo wake saa ngapi. Nakuomba uangalie. Kama ni saa tisa mlango unapofunguliwa, basi mdogo mtu anamkuta kaka yake ana njaa, amebanwa na haja, hajaona jua, na hana maneno ya kusema hayo yote. Chukua daftari la kurasa 40, kila vurugu ikitokea andika ilikuwa saa ngapi, kulikuwa na nini kabla yake, na nini kilifuata. Wiki tatu zinatosha kukuonyesha mengi. Mkague pia mwilini: jino, sikio, kama anapata choo vizuri. Nimewahi kuitwa kwa "kijana aliyekuwa mkali ghafla" tukakuta jino limeoza hadi fizi imevimba.

Baba yake anasema mtu mzima hafundishiki. Namwelewa, aliona shule ikiisha na hakuna kilichofuata, akadhani uwezo nao umeishia pale. Lakini miaka ya 1970 kule Marekani mtaalamu mmoja, Marc Gold, aliwafundisha watu wazima waliokuwa wamekatiwa tamaa kabisa kuunganisha breki ya baiskeli, kipande baada ya kipande. Alichokuwa nacho ni imani kwamba mtu akishindwa, mwalimu ndiye abadilishe njia, na ustadi wa kuivunja kazi kuwa hatua ndogondogo.

Nikuonyeshe ilivyo kwa mikono. Nilikuwa na kijana mmoja Iringa, miaka 28, hasemi zaidi ya maneno matano, mama yake anauza maharage kama wewe. Tulichagua kazi ya kupima maharage kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia sokoni. Ukiitazama haraka ni kazi moja, ukiitazama kwa utulivu ni saba: kushika kopo, kuchota, kumimina kwenye sado, kurudia hadi ijae, kusawazisha juu kwa kipande cha ubao, kuinua, kumimina kwenye mfuko wa mteja. Tulianzia mwisho. Mama yake alifanya hatua sita zote, yeye akafanya ya saba tu, kumimina kwenye mfuko, na mteja akamwambia ahsante. Kila mara alimaliza kazi, kila mara alishukuriwa. Alipoizoea bila kushikwa mkono, tukaongeza ya sita, kisha ya tano. Kusawazisha kulichukua wiki nyingi na tulikaribia kukata tamaa, mpaka tulipompa ubao mpana zaidi. Siku moja nilijaza sado mwenyewe kwa haraka, haikujaa vizuri. Akausogeza mkono wangu pembeni, akaongeza konzi moja ya maharage, akasawazisha, ndipo akammiminia mteja. Mpaka leo hajui chenji, na sidhani kama ataijua. Pesa anapokea mama yake. Lakini anatoka nyumbani asubuhi akiwa na kazi, na nguo hachani tena.

Hiyo ndiyo maana ya kituo cha mchana, mama. Mtu mzima anatoka kwake asubuhi, anakwenda mahali penye kazi na wenzake, anarudi jioni amechoka. Si shule ya chekechea wala mahali pa kumhifadhi ili wewe upate nafasi, ingawa nafasi utaipata na unaistahili. Huku kwetu vituo vya namna hii kwa watu wazima wenye ulemavu wa akili ni vichache, kwa hiyo hao wazazi wenzako wanafanya jambo kubwa. Mkipata nauli, nendeni mkaone Neema Crafts pale Iringa, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Wengi wanaofanya kazi pale ni viziwi na watu wenye ulemavu wa viungo, kwa hiyo msitegemee kunakili kila kitu. Kaangalieni jinsi mtu anavyopewa kazi halisi, inayonunuliwa na mtu asiyemjua.

Kuna vituo vibaya pia, na hofu yako ina msingi. Uingereza walijenga vituo vikubwa ambamo watu wazima walipelekwa kwa basi kila siku, miaka nenda miaka rudi, kufungasha vitu vidogovidogo kwa malipo kidogo sana, wakiwa mbali na majirani zao. Mwaka 2001 serikali yao ilitoa sera ya kuwarudisha watu hao kwenye maisha ya kawaida ya jamii: ajira, vyuo, urafiki. Sisi tunaoanza sasa hatuna sababu ya kupitia njia ile ile. Ukumbi wa watu 12 wenye bustani ya mboga na mteja wa uhakika ni bora kuliko jengo la watu 60 lenye bango la mfadhili.

Namna ya kukijua kituo: nenda saa nne asubuhi, siku ambayo hukuaga. Usiangalie rangi ya ukuta. Angalia mikono. Kama watu kumi wamekaa kwenye benchi wakitazama televisheni na msaidizi yuko kwenye simu, hicho ni chumba chako cha Uyole, kimehamishwa tu. Kama mmoja anachambua maharage, mwingine anamwagilia mchicha, wa tatu amekataa kazi na mtu ameketi naye akijaribu kitu kingine, hapo pana uhai. Sikiliza wanavyoitwa. Mtu wa miaka 23 akiitwa "mtoto" na kuimbishwa nyimbo za vidole, hawajamwelewa. Na neno zezeta likitamkwa mbele yako, geuka urudi naye nyumbani.

Kuhusu kuonewa nitakuwa wazi. Duniani kote watu wenye ulemavu wa akili wanadhulumiwa zaidi ya wengine, wa kike na wa kiume, kupigwa na hata kubakwa, na mara nyingi anayefanya hivyo ni mtu wanayemfahamu. Kufungiwa nyumbani hakumkingi mtu. Jirani mwenye nia mbaya anajua mama yuko sokoni. Kinachokinga ni macho mengi. Kwa kuwa kituo ndiyo kwanza kinaanza, una bahati ya kuweka masharti: wasimamizi wawili muda wote, hakuna msimamizi kubaki peke yake na mshiriki nyuma ya mlango uliofungwa, mzazi yeyote anaingia saa yoyote bila ruhusa, na ijulikane kwa jina nani anamsaidia nani chooni. Ingia kwenye kamati, mama. Msiliachie kanisa ufunguo wote, hata kama mchungaji ni mtu mwema. Nyumbani mfundishe sehemu zake za siri kwa majina yake halisi, na kwamba kusema "hapana" kunaruhusiwa hata kwa mkubwa. Ukiona michubuko, damu kwenye nguo za ndani, au hofu mpya ya mtu fulani, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa ya kuzuia VVU inafanya kazi ikianza ndani ya saa 72, kisha uende dawati la jinsia na watoto polisi.

Njia nyingine zipo. Kwenda naye sokoni kila siku kunawezekana kwa wengine, lakini Mwanjelwa ina kelele, mikokoteni na watu wa kumtania, na wewe huwezi kupima viazi huku unamkimbilia. Siku moja kwa wiki, ile ya wateja wachache, ni mwanzo mzuri. Kumpeleka kuishi kwenye kituo cha bweni mbali na nyumbani sikushauri. Ana mama, ana mdogo wake, ana mtaa. Kama ningekuwa wewe ningechukua kituo siku tatu, sokoni siku moja, na siku moja ya kazi za nyumbani na jirani au ndugu mnayemlipa hata kidogo.

Pesa nitazipitia haraka. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaambia masharti ya sasa. Nawasihi msikope kwa ajili ya pango la ukumbi au uji wa kila siku, maana mkopo unarudishwa na ukumbi hauzai. Kopeni kwa kitu kinachouzwa: kuku, mboga, sabuni. Pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka kuwe na kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Muulize mwenyekiti wenu wa mtaa iko wapi. Kama haipo, muulize tena mbele ya mkutano.

Kifafa hakimzuii kwenda. Wasimamizi wawe na karatasi yenye jina la dawa, kipimo na saa, nawe uwafundishe degedege lake linaanzaje. Wasimtie kijiko mdomoni. Wamlaze ubavu, waondoe vitu vigumu, watazame saa. Likipita dakika tano, au likimrudia kabla hajazinduka, ni hospitali bila kusubiri. Jikoni karibu na moto na sufuria ya maji yanayochemka asikae, kazi ziko nyingi nyingine. Dawa isikatishwe ghafla hata siku moja, maombi yakiwepo au yasiwepo. Na niseme kwa wasomaji wengine wa huku wanaofuga nguruwe, hasa Mbozi na Rungwe: mtu akianza kuanguka kifafa ukubwani akachunguzwe, kwa sababu mayai ya minyoo ya nguruwe yakimezwa yanaweza kuweka vivimbe kwenye ubongo.

Kabla kituo hakijaanza nataka umpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, uende na lile daftari. Kliniki waangalie kama kipimo cha dawa ya kifafa kinalingana na uzito wake wa sasa, kwani baadhi ya dawa hizo zinaweza zenyewe kumfanya mtu awe mkali au mzito. Usingoje kliniki kama ameacha kula, amepoteza ghafla uwezo wa kutembea au kusema, au ameanza kujiumiza. Na umwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri akujue mapema, kabla ya siku ya shida.

Kuhusu kufuli. Wiki hii, kabla ya yote, ufunguo wa pili uwe kwa jirani unayemwamini, na jiko la mkaa lisibaki chumbani hata baridi ya Julai iwe kali namna gani. Moshi usioonekana unaua watu waliolala, na yeye hawezi kufungua mlango. Ongeza blanketi na soksi. Wiki ijayo mlipe mtu aje saa nne, amfungulie, waende bombani na ndoo, achote maji kama zamani, hata kama nusu itamwagika njiani. Saa moja tu kwa kuanzia. Kisha mbili. Kituo kikianza, lengo liwe siku tatu zile mlango usifungwe kabisa, na mbili zilizobaki zitafuata ukishapata mtu.

Siku za kwanza za kituo atakuwa mgumu. Atalia, atakaa mlangoni, pengine atarudi kumpiga mtu. Wazazi wengi wanaacha wiki ya pili, wakisema "hapapendi." Mpe wiki sita. Anza kwa nusu siku, mpe kitu kimoja cha kushika kinachomwambia anakokwenda, tuseme kikombe chake cha plastiki, kila asubuhi kikombe kile kile. Amka nusu saa mapema ili kifungo cha mwisho cha shati akifunge mwenyewe, kile cha mwisho tu. Na nauli ishike yeye. Mkifika kwenye daladala ngoja aitoe na kumpa kondakta kwa mkono wake, kondakta akilalamika mwambie asubiri.